Gari Lililonguruma Kila Mama Mkwe Alipopanda

Gari langu lilikuwa halina tatizo lolote, mpaka mama mkwe wangu awe ndani.

Asipokuwemo, kimya. Akiingia akakaa kwenye kiti chake, tukifika kona ya kwanza ya kulia, huko nyuma kunatoka mngurumo. Grrrrr. Kama mbwa anayekataa kuguswa.

Akishuka, kimya tena.

Najua mmeshafikiria nini. Hata sisi tulifikiria hivyohivyo, na ndiyo maana nusura tumzike mtu.

Mimi ni mshonaji. Nina duka dogo, cherehani mbili, na kioo kirefu kinachowaambia wateja ule ukweli ambao mimi nauonea haya. Kazi yangu ni miili ya watu. Ukiingia mlangoni nimeshajua kiuno chako, hata kama umevuta tumbo.

Lakini ugonjwa wangu ni gari.

Tunakaa juu mlimani, na barabara ya kushuka mjini ni kona juu ya kona. Wengine wanaichukia. Mimi asubuhi, ikiwa tupu, naishuka huku natabasamu peke yangu kama mtu aliyesifiwa. Sikimbizi gari penye watu, hapana. Ila ile raha ya kuingia kona umeshika usukani vizuri, gari likakutii, likatoka upande wa pili bila kuyumba, mimi sijapata kitu cha kuifananisha nayo.

Mume wangu haendeshi. Alijaribu kujifunza, akagonga geti letu wenyewe, akanikabidhi funguo. "Kila mtu na kipaji chake," akasema, na tangu siku hiyo dereva wa nyumba ni mimi.

Sasa gari lenyewe nililinunua limeshatumika, likiwa na rimu za chuma za kiwandani na matairi membamba. Kwenye kona lilikuwa linalala upande kama mlevi anayetafuta ukuta. Nikasema hapana, hili nitalivisha viatu.

Nikaenda kwa fundi wa matairi tunayemwita Upepo. Yeye ndiye aliyenipa jina la Mama Kona, na kusema kweli jina lilinipendeza.

Upepo hakuwa mtu wa kuuza tu. Alinikalisha kwenye tairi bovu, akaanza somo.

"Mama Kona, ukikuza rimu, lazima upunguze ukuta wa tairi. Urefu wa gurudumu zima ubaki palepale, au pungufu kidogo, au zaidi kidogo. Ukizidisha, hata saa ya spidi itakudanganya."

"Najua hiyo."

"Ukuta ukiwa mfupi sana, kona utazifurahia, mashimo utayalilia."

"Najua."

"Na upana nao una mipaka. Halafu kuna namba ya tatu ambayo watu hawaiulizi. Ile inayosema rimu itaingia ndani kiasi gani, au itatokeza nje kiasi gani. Hiyo ndiyo inaua."

Hiyo sikuijua, ila nilitikisa kichwa kama naijua. Alikuwa ananionyesha rimu nyeusi za inchi kumi na saba, zinang'aa, na mimi nilikuwa nimeshapenda. Mtu aliyependa anasikia nusu.

Upepo akazifunga, akachuchumaa upande wa kulia, akapitisha kidole kati ya tairi na madigadi, lile bati la juu ya gurudumu. Kidole kikapita.

"Inakaa," akasema. "Imekaa vizuri kabisa."

"Na kushoto?"

Kushoto gari lilikuwa limebanana na ukuta wa karakana. Akalitazama, akanitazama mimi.

"Wewe ukipima mteja shati, unapima mikono yote miwili?"

Nikacheka. Kweli, napima mmoja. Mwingine naufuatisha.

"Basi," akasema.

Kisha akanipa kidude kifupi cha chuma, kinene kama kizibo. Nati za rimu zile zilikuwa za kuzuia wezi, hazifunguki kwa spana ya kawaida mpaka kwanza uchomeke hicho.

"Usikipoteze. Ukija kwangu bila hiki, nitakusalimia tu."

Siku zile za kwanza nilikuwa kama bibi harusi. Gari lilikuwa linaingia kona limesimama wima, usukani unaelewa kabla sijamaliza kufikiria. Nilikuwa natafuta sababu ya kwenda mjini. Uzi umeisha. Vifungo vimeisha. Vifungo nilikuwa navyo kopo zima.

Mpaka siku ya kumpeleka Mama kwa dada yake.

Lazima niwaeleze mama mkwe wangu. Tunaishi naye. Mwanamke mnene, mzuri, mwenye mwendo wa mtu anayejua ardhi ni yake. Sauti yake ni ndogo kuliko umbo lake, hapendi kugombana na mtu, na sijawahi kumsikia akilalamika hata chai ikisahauliwa sukari. Ana mkoba mmoja mkubwa wa kahawia ambao hautoki begani. Chochote kikianguka sakafuni nyumbani kwetu, anakiokota na kukitia humo, kisha anasahau. Tukipoteza kitu tunaambiana, "Ulizia benki kuu."

Na kwenye gari ana kiti chake. Nyuma, kushoto, mlango unaofungukia pembeni mwa barabara ili ashuke kwa raha. Hakuna aliyetunga sheria, ila hakuna mwingine anayekaa pale. Mume wangu anakaa mbele na mimi. Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, anakaa nyuma kulia. Hata Mama asipokuwepo kile kiti kinabaki kitupu. Ni kiti cha Mama.

Siku hiyo tulikuwa wote wanne. Kona ya kwanza ya kulia, grrrrr.

Tukatazamana.

"Nini hicho?" mume wangu akauliza.

"Barabara tu," nikasema.

Kona ya pili ya kulia, grrrrr.

Wifi yangu ni mtu wa mdomo. Hana ubaya, ila ulimi wake unatoka nyumbani kabla yake. Akasema, "Makubwa haya. Mama, hata gari linaguna."

Tukacheka. Mama ndiye aliyecheka zaidi, mpaka akafuta macho na kitambaa.

Wakati wa kurudi nilimwacha Mama kwa dada yake alale huko. Nikapanda mlima ule wote, kona zote, kulia na kushoto. Gari kimya. Nilipokwenda kumchukua kesho yake, grrrrr.

Jioni jikoni mume wangu akanisogelea, akaongea kwa sauti ya chini.

"Unadhani ni nini?"

"Sijui. Wewe unadhani nini?"

"Sijui."

Tulikuwa waongo wote wawili. Tulijua tunachodhani.

"Basi mwambie mama yako akae mbele," nikasema.

"Mwambie wewe. Wewe ndiye dereva."

"Mimi mkwe, nimwambie mama yako ni mzito?"

"Na mimi mwanawe nimwambie?"

Tukaishia hapo. Pazia la jikoni kwetu ni jepesi, na nyuma ya pazia lile ndipo penye kochi la Mama. Hilo sikulikumbuka wakati ule.

Nikaenda kwa Upepo.

"Linanguruma lini?" akauliza.

"Wakati mwingine tu."

"Wakati gani?"

"Wakati mwingine, kwenye kona."

"Likiwa na mzigo?"

Hapo ulimi ukanigoma. Mzigo. Yaani nisimame kwenye karakana, mbele ya wanaume waliokaa juu ya matairi, niseme mama wa mume wangu ni mzigo? Bora mngurumo.

"Hapana," nikasema. "Bila mzigo."

Akaniweka pembeni yake, akaliendesha mwenyewe, akalipiga kona zote za mtaa wao. Kimya. Akakagua beringi, akatikisa magurudumu. Yote mazima.

"Mama Kona, gari lako linakudekea," akasema, na wale wanaume wakacheka.

Nikabuni mbinu. Siku moja tulikuwa wawili tu, mimi na Mama, nikamfungulia mlango wa mbele kwa adabu zote.

"Mama, leo kaa huku. Utaona bonde vizuri."

Akanitazama. Akakitazama kiti chake cha nyuma. Akaingia mbele, akaweka mkoba magotini.

Tulishuka mlima mzima bila mngurumo. Nilikuwa nasikiliza kila kona, na sasa najua kwamba naye alikuwa anasikiliza. Tulipofika akasema tu, "Leo limenyamaza."

"Ndiyo, Mama."

"Vizuri," akasema.

Baada ya siku ile akaacha kutoka. Ukimwita, mara miguu, mara jua kali, mara dada yake atakuja mwenyewe. Gari likawa kimya, na mimi, Mungu anisamehe, nilipata nafuu. Nilirudia kona zangu kwa raha zote.

Halafu nikaanza kuona gauni lake.

Gauni lile nililikata mwenyewe, najua kila mshono wake. Lilikuwa limeanza kulegea mabegani. Baadaye kiunoni. Baadaye likawa linaning'inia kama pazia.

"Mama, nikupunguzie gauni?"

"Liache, mwanangu. Joto hili, nataka hewa."

Mezani alikuwa anasema ameshakula. Ukiuliza ameshakula saa ngapi, anasema mapema. Sahani yake ilikuwa safi kila siku, na sisi tukaona usafi tu. Mume wangu akaingiwa na hofu.

"Mama anaumwa na anatuficha."

"Tumpeleke hospitali."

"Nimemwambia. Anasema hana neno."

Wazee wa zamani walisema mficha maradhi, kilio humuumbua. Nilikuwa naamka naisema moyoni. Kichwani nilipiga picha zote mbaya za magonjwa yote mabaya. Picha ya ukweli sikuipiga.

Katika siku hizohizo futi kamba yangu nzuri, ya kupimia wateja, ikapotea. Nilimshuku wifi, akaapa kwa macho yake mawili. Nikanunua nyingine.

Mchana mmoja nilikuwa napakia gari. Nilikuwa na kazi ya mapazia ya ukumbi, majora ya kitambaa yamejaa buti, mengine nimeyasimamisha kiti cha nyuma upande wa kulia. Nikasikia kishindo jikoni. Kisha sauti ya mume wangu, sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Njoo."

Mama alikuwa chini, karibu na meza. Macho nusu yamefunguka. Jasho la baridi. Midomo inacheza lakini maneno hayatoki.

Mume wangu ni mwembamba kama uzi wa pamba. Mtungi wa gesi tunamwita jirani abebe. Akamwinua mama yake peke yake, akasimama naye, akanitazama kwa mshangao.

"Ni mwepesi," akasema.

Nyuma majora yamejaa, hakuna pa kumlaza. Tukamweka mbele, nikalaza kiti chake kidogo, nikamfunga mkanda. Mume wangu akachukua mkoba, maana Mama haendi popote bila mkoba, akajibana nyuma pale palipobaki. Nyuma, kushoto. Akapitisha mikono, akamshika mama yake mabega ili asiyumbe.

Nikawasha, nikaondoka.

Mwendo ninaoujua mimi nilikuwa nao wote mguuni. Nikasema leo ndiyo siku ya kazi ya rimu hizi. Kona ya kwanza ya kulia nikaingia nayo kwa kasi.

Grrrrr.

Nikauma meno. Mama, jamani, hata leo. Kona ya pili nikaongeza mwendo. Grrrrr, refu zaidi, na harufu ya mpira ikaanza kuingia ndani.

Ndipo nikageuza shingo kumtazama Mama, na akili ikanisimama.

Mama alikuwa pembeni yangu.

Nikatazama kwenye kioo. Mume wangu alikuwa ananitazama, amekodoa. Naye alikuwa ameshafika nilipofika.

"Si yeye," akasema.

Nikarudisha macho barabarani.

"Mke wangu, si yeye. Mimi ndiye niliyekaa hapa. Mimi nina uzito gani?"

Kona ya tatu. Grrrrr. Kila mngurumo ulikuwa kama mtu ananisuta. Miezi ile yote. Pale, kwenye kiti kile, angekaa mtu yeyote gari lingenguruma. Ila hakukaa mtu mwingine, kwa sababu ni kiti cha Mama.

"Sogea kulia," nikamwambia. "Yasukume hayo majora. Sogea."

Akayasukuma, akayakanyaga, akajitupa upande wa pili. Kona iliyofuata, mngurumo haukuja. Nikavuta pumzi.

Kisha ikaja sauti nyingine. Pap. Pap. Pap. Pap. Kitu kinapiga chini ya gari, na usukani ukaanza kutetemeka mikononi mwangu.

Nikasimamisha gari pembeni, nikateremka. Tairi la nyuma kushoto lilikuwa limeliwa bega lote. Ukanda wa mpira ulikuwa umechanika na kuning'inia, nyuzi za ndani zinaonekana, na pembeni yake kuna uvimbe kama ngumi ya mtoto. Upande mmoja ni mlima. Upande wa pili ni bonde. Mbele yangu kulikuwa na kona zote zilizobaki.

Nikisema niendelee hivyohivyo, tairi linapasuka na sote watatu tunaingia bondeni. Nikisema ningoje, Mama anazimika pale pale kwenye kiti. Mikono yake ilikuwa baridi tayari.

Mume wangu akapiga namba ya dharura. Ikaita mpaka ikachoka. Gari moja likaja, lakini lilikuwa linapanda. Tukalipungia mikono yote, na dereva naye akatupungia kwa furaha, akapita.

"Spea," nikasema. "Ile rimu ya zamani. Ipo chini ya buti."

Tukatupa majora barabarani, kitambaa cha watu, sikujali. Nikatoa jeki, nikatoa spana, nikapiga magoti. Na pale nikakumbuka kile kidude.

Nikafungua droo ya mbele. Hakipo. Chini ya viti. Hakipo. Mifukoni mwa milango, kwenye buti, chini ya mkeka. Nilikuwa natafuta huku naongea peke yangu. Bila kile kidude, zile nati nzuri za kuzuia wezi zilikuwa zimenizuia mimi.

"Kiko wapi? Ulikiweka wapi?" mume wangu akauliza.

"Sijui."

"Fikiri."

"Sijui, nimekwambia sijui."

Ndipo tukasikia sauti ndogo, kutoka kiti cha mbele. Ilikuwa kama inatoka chini ya maji.

"Mkoba."

Mume wangu akaufungua, akaugeuza juu chini. Vikamwagika vyote. Kitambaa cha mkononi, vifungo vyangu, mfuniko wa kalamu, soksi ya mtoto wa jirani. Na kidude cha chuma. Kilikuwa kimeanguka siku moja chini ya kiti chake, akakiokota kama anavyookota kila kitu.

Na futi kamba yangu.

Niliitambua kwa ile ncha yake ya shaba. Nikaiokota ili niitupe pembeni, vidole vikahisi kitu. Kulikuwa na pini imechomekwa kwenye namba. Juu ya pini ile kulikuwa na tundu dogo. Juu ya lile tundu, tundu lingine. Na lingine, na lingine, yanapanda mpaka kwenye namba ninayoijua mimi kwa moyo, namba ya kiuno cha gauni lile nilipolikata.

Mimi mshonaji. Sikuhitaji mtu anisomee.

"Mama," nikasema. "Ulikuwa unajipima?"

Macho yake yakanitafuta, yakanipata.

"Nilitaka gari linyamaze," akasema.

Sijui nilifungua vipi zile nati. Nakumbuka machozi yananidondokea mikononi na spana inateleza. Nakumbuka mume wangu anasukuma spana kwa mguu, analia kwa sauti kama mtoto, bila aibu. Lile gurudumu zuri jeusi likatoka. Tukafunga lile la zamani, jembamba, lenye kutu pembeni, baya kama viatu vya shambani na suti.

Nikashuka mlima.

Gari halikutoa hata mnong'ono. Nami, mtu niliyepewa jina kwa ajili ya kona, nilikuwa namwomba Mungu anipe barabara iliyonyooka. Sikukimbia. Kila kona nilipunguza, nikaizunguka taratibu, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye mkono wa Mama. Tukiwa karibu kufika alikuwa hanishiki tena, mimi ndiye niliyekuwa nashika.

Hospitalini, watu wa mapokezi walimchukua mbiombio. Muuguzi akatutolea kichwa mlangoni.

"Amekula lini mara ya mwisho?"

Mume wangu akanitazama. Mimi nikamtazama yeye. Tunaishi naye nyumba moja, meza moja.

Daktari akasema sukari ilikuwa imeshuka kabisa na mwili umejila wenyewe. Hakuna ugonjwa mwingine. Mngechelewa kidogo, akasema, kisha hakumalizia. Alitundikiwa maji, na jioni akafungua macho vizuri, akauliza swali moja tu.

"Majora ya watu mmeyaacha barabarani?"

Nikacheka na kulia kwa pamoja. Wifi alipofika, hakuingia. Alisimama mlangoni, mdomo ule wote umekauka. Mama akamwita kwa kidole, akamkalisha kitandani, akamshika mkono. Hakuna aliyelitaja gari.

Nikalipeleka gari kwa Upepo nikiwa na wifi. Safari hii nilisema kila kitu, mbele ya wale wanaume wote. Hakucheka mtu.

Upepo akabadilisha magurudumu ya nyuma, lile jeusi la kulia likaja kushoto, kisha akamwambia wifi akae kwenye kile kiti. Wifi ni sindano, upepo ukivuma anashika mlango. Akakaa. Upepo akalisukuma gari chini kwa mikono miwili, tukasikia mpira ukigusa bati. Akalala chini, akapitisha kidole upande wa kushoto. Hakikupita. Akabisha hodi kwenye madigadi kwa kifundo cha kidole, ikajibu sauti nzito.

"Hapa pamewahi kugongwa, kabla hujalinunua. Wakanyoosha, wakapaka, ukingo wakauacha umeingia ndani. Kwa tairi la zamani usingejua mpaka kufa. Kwa hili pana, tena rimu inayotokeza nje, hapakuwa na nafasi hata ya wembe."

Akakaa kitako, akajifuta mikono muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo.

"Nilipima upande mmoja," akasema.

"Hata mimi ningepima mmoja," nikamwambia, na ilikuwa kweli.

"Lakini wewe nilikuuliza, Mama Kona. Nilikuuliza likiwa na mzigo. Kwa nini hukusema linanguruma akikaa pale?"

"Ningesemaje? Mama mkwe wangu."

Akanitazama kwa huruma.

"Ungesema mtu. Ungesema tu, akikaa mtu."

Neno moja. Halikuwa na aibu yoyote ndani yake, na nilikuwa nalo mdomoni siku zote zile.

Sasa nina rimu za kumi na sita. Tairi limepungua upana, ukuta umeongezeka kidogo, namba ya tatu inarudisha gurudumu ndani linapostahili. Ukingo wa madigadi umekunjwa vizuri. Kona bado nazipenda na gari bado linanitii. Upepo hapimi tena upande mmoja. Likiwa limebanana na ukuta, analitoa gari nje kwanza.

Siku Mama alipopata nguvu ya kwenda kwa dada yake, tulisimama sote kando ya gari kama watu wanaosubiri hukumu. Mama akafungua mlango wa nyuma kushoto. Hakuingia. Akamgeukia wifi.

"Kaa wewe."

Wifi akakaa. Tukazunguka kona za juu, tukarudi getini. Kimya. Akamshusha, akamtia mume wangu. Tukazunguka tena. Kimya. Kisha akasema, "Haya, tokeni kwenye kiti changu," akaingia, akaweka mkoba magotini, na tukashuka mlima.

Kona ya kwanza ya kulia nilitega sikio. Ya pili. Ya tatu. Kwenye kioo nikaona anatabasamu anatazama bonde.

"Mkwe," akaniita.

"Naam, Mama."

"Nikirudi unipime gauni jipya. Na mshononi uache akiba ya kutosha. Narudi kunenepa."

Ile futi kamba yenye matundu bado ninayo. Haipimi mteja. Nimeitundika dukani karibu na kioo, na siku hizi kila anayekuja kushona shati nampima mikono yote miwili, hata akiwa na haraka.

Ndugu yangu unayesoma, kabla hujalivisha gari lako viatu vipya, pima kushoto na kulia, halafu mkalishe mtu kila kiti upime tena. Na lile jambo mnalonong'ona jikoni kwa kuona haya kumwambia mwenyewe, jueni kwamba mwenyewe ameshalisikia.